Matundu ya Kupumua

Nilicheka kwenye mazishi ya Fundi Kimanzi, na sijutii. Tulikuwa tumeketi chini ya hema nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka Mutomo mjini, jua likiwaka kama kawaida yake kule na mbuzi wa jirani wakipita nyuma ya viti vya plastiki kana kwamba nao wamealikwa. Mpwa wake, kijana wa sauti nzuri aliyevaa suti, alikuwa akisoma historia ya marehemu kutoka kwenye kile kijitabu cha karatasi ya kung'aa chenye picha yake mbele. Alisoma kuhusu shule, ndoa, watoto na kanisa. Kisha akafika kwenye kazi, akasoma, "Katika miaka yake yote ya ufundi, marehemu hakuwahi kuharibu bodi hata moja." Hapo ndipo kicheko kiliponitoka, na hakikutoka nusu. Watu wa safu tatu za mbele waligeuka. Pasta alikohoa. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinivuta kitambaa cha bega kama anayenizuia nisianguke kisimani. Niliwatazama wote, nikanyamaza, lakini sikuomba radhi.

Wacha nieleze, maana najua tayari kuna watu huko wanaosema mwalimu mmoja wa Kitui alikosa adabu msibani. Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ya kwetu nyumbani sitayasimulia hapa, kila mtu ana kwao. Simu za mkononi zilikuwa bado ni kitu cha kuonyeshana, na Fundi Kimanzi alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kitui ambako alitengeneza redio. Nilimpelekea redio siku moja. Akaniambia nirudi kesho, nikasema nitangoja. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikimtazama akiifungua, nikamuuliza ile nyekundu ni nini, na ile yenye miguu mitatu, na kwa nini hii ina joto na ile haina. Kesho yake nilirudi bila redio yoyote. Baada ya wiki moja alichoka kunifukuza, akasema kama nimekataa kuondoka basi nifagie na nichote maji. Nilifagia miezi mitatu. Mwezi wa nne alinipa kigoda cha pili mezani, na pasi yangu ya kuchomelea, ile ya zamani yenye mpini uliofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hakuna msichana mwingine aliyekuwa na kigoda kama hicho katika soko lile, na nilikuwa nimeamua kwamba atakayenitoa pale atanibeba.

Kile kibanda nakiona hata sasa. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na shimo la kitasa lilikuwa bado lipo, tukilitumia kupitishia nyaya. Ukutani zilining'inia redio zilizofungwa kwa leso, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha katoni. Ulifungua redio ya mtu ukakuta mende, ndengu mbili tatu, na mara moja meno ya bandia. Chini ya meza lilikaa kopo kubwa la mafuta ya kupikia, na humo kila kipuri alichong'oa Fundi kiliingia, kizima au kibovu, kwa sababu Fundi Kimanzi hakutupa kitu. Upande wa pili wa ukuta, mkewe, Mama Kalekye, aliuza chai na muthokoi kupitia dirisha dogo lililokatwa kwenye mabati. Moshi wa risasi ya kuchomelea ulikutana na harufu ya ule muthokoi wa mahindi na kunde katikati ya chumba, na hadi leo nikiwasha pasi darasani nasikia njaa. Ukuta ule haukuzuia hata neno moja. Yeye alisikia yote tuliyosema, nasi tukasikia ya wateja wake, nani kaolewa, nani kauza ng'ombe, nani anaringa.

Fundi alikuwa mzuri sana kwa redio. Sitamnyang'anya hilo. Lakini redio za wakati ule zilikuwa na bodi, lile bamba linaloshika vipuri, yenye shaba upande mmoja. Vipuri vilisimama juu, miguu yao ikapenya chini, na njia zote za shaba zilikuwa chini. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa fupi: mguu unatokea chini, unachoma chini, basi. Mwaka ule ndipo zilipoanza kutufikia bodi zenye shaba pande zote mbili, za mashine na betri za sola, na kwenye bodi hizo niliona matundu madogo yasiyo na mguu wowote ndani yake. Yalinisumbua. Nilimuuliza ni ya nini.

"Hizo ni za kupumua," akasema bila kuinua kichwa.

"Kupumua aje?"

"Bodi inashika moto, sivyo? Sasa hiyo moto itatokea wapi? Hata sufuria huwa inaachiwa nafasi."

Nilishika bodi, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Nikamwambia kwamba njia ya shaba inatembea vizuri, inafika kwenye tundu, inaishia hapo. Upande wa pili kuna njia nyingine inayoanzia hapo hapo. Kama tundu ni la kupumua, kwa nini njia zinalifuata?

"Mwende," akasema, "wewe uliumbwa uulize ama ufanye kazi?" Mama Kalekye akacheka upande wa pili wa mabati, na mimi nikarudi kwenye redio yangu nimenuna.

Bodi ya Kibwezi ililetwa na Mama Ndunge. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliolima vitunguu na bilinganya karibu na mto kule Kibwezi, na bodi hiyo ndiyo iliyowasha pampu yao. Alikuwa ameisafirisha kupitia Mutomo akiwa ameipakata ndani ya sweta, akatuambia miche imetoka kitaluni juzi na haiwezi kungoja. Fundi aliiangalia akasema ni relei imeungua, ile swichi ndogo ya kisanduku inayolia tak inapowasha. Ni kweli ilikuwa imeungua. Akaing'oa yeye mwenyewe, kwa mtindo wake wa redio: pasi chini, bisibisi juu, akikandamiza kama anayefungua soda. Mguu mmoja ulikataa, akauvuta kwa koleo. Ukatoka. Relei ikaingia koponi. Kisha akatoka kwenda kununua mpya, na aliporudi akanipa niichomelee kwa sababu mkono wangu ulikuwa mtulivu kuliko wake. Nilichoma miguu yote chini, ikang'aa. Tukaiunganisha na betri, relei ikalia tak, sote tukaridhika. Mama Ndunge akaifunga ndani ya sweta lake akaondoka.

Siku ya tatu alirudi. Hakusalimia. Aliweka bodi mezani, akaketi kwenye kreti ya soda, akasema pampu haijazunguka hata kidogo, tak inalia lakini maji hakuna, na wenzake wanachota kwa ndoo tangu asubuhi na hawawezi kumaliza hata mistari mitano. Fundi aliichukua bodi, akaitazama chini, akaitazama tena. Niliona akitafuta la kusema, na nikaona alipolipata.

"Ni huyu msichana," akasema. "Nilimwachia achome. Ameunguza."

Upande wa pili wa mabati vijiko viliacha kugonga vikombe.

"Mwende, omba mama msamaha."

"Ya nini?"

"Umeunguza bodi."

"Sijaunguza. Nilichoma pale ulinionyesha, na vile ulinifundisha."

"Unanijibu mbele ya kastoma?"

"Si wewe ndio umenilaumu mbele ya kastoma?"

"Aiya!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Kalekye.

Fundi alisimama. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida, na hiyo ndiyo iliyofanya iume zaidi. "Sasa nisikize," akasema. "Ama uombe msamaha, ama uache hiyo kiti uende nyumbani. Kuna vijana wengi hapa soko wanataka hiyo kiti, na hawana mdomo."

Ningeweza kusema pole. Neno moja, herufi nne, na ningebaki na kigoda changu. Nimewahi kuwasikia wanawake wenzangu wakisema kwamba mara nyingine unakubali tu ili kazi iendelee, na siwahukumu. Lakini nilijua kwamba nikikubali siku hiyo, kila bodi itakayokufa katika kibanda kile hadi mwisho wa dunia itakuwa imeuawa na mimi. Nikakamata kigoda kwa mikono miwili, kihalisi, nikiwa nimekikalia.

"Nipe mpaka saa kumi," nikamwambia. "Nikikosa kuonyesha shida iko wapi, nitaenda mwenyewe. Lakini msamaha siombi."

Ni Mama Ndunge aliyeamua. "Mwache atafute," akasema. "Mimi sikutoka Kibwezi kuja kuombwa msamaha. Mimi nataka maji."

Fundi alitoka nje akaenda kukaa kwa mkewe, na kupitia mabati nikamsikia akiitisha chai. Niliwasha mita, ile inayolia ikipata njia nzima. Niligusa kila mguu wa relei upande wa chini, ukalia. Nikafuata kila njia ya chini, ikalia. Chini kulikuwa kuzima kabisa, na hilo ndilo lililonikasirisha, maana nilikuwa nimetafuta chini tu kwa saa nzima kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Muthokoi alioniletea Mama Kalekye ulipoa. Mama Ndunge alikula wake wote, akanitazama, akala na wangu.

Ndipo nikaiinua bodi mlangoni kwenye jua. Juu kulikuwa na njia moja pana ya shaba iliyotoka upande wa pampu, ikapita katikati, ikaingia chini ya kisanduku cha relei. Nikaifuata chini ya bodi, haikuwapo. Njia hiyo ilikuwa juu peke yake, na ilifika kwenye relei kupitia tundu moja tu, lile la mguu uliokataa. Nikagusa njia ya juu kwa sindano moja ya mita, na mguu kwa nyingine. Kimya. Nikagusa tena. Kimya. Halafu nikagusa yale matundu madogo ya kupumua, sindano moja juu na moja chini, na kila tundu likalia. Kila moja. Nilikaa pale na ile mita ikinililia mkononi. Hayakuwa ya kupumua. Ndani ya kila tundu kulikuwa na shaba iliyopakwa ukutani, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ikibeba umeme kutoka upande mmoja wa bodi hadi wa pili. Hata matundu ya miguu yalikuwa hivyo. Yote isipokuwa hilo moja.

Nilimwaga kopo lote la vipuri sakafuni. Relei iliyoungua ilikuwa bado juu juu. Na kwenye mguu wake mmoja, ule uliovutwa kwa koleo, kulikuwa na kijibomba cha shaba kimekaa kama pete kwenye kidole. Shaba ya ndani ya tundu ilikuwa imeng'oka nayo.

Nilimwita Fundi. Aliingia na kikombe chake. Sikusema mengi. Nilimpa relei, nikamwonyesha pete, nikamwonyesha tundu lililobaki uchi, nikaweka sindano za mita juu na chini akasikia kimya, kisha nikaziweka kwenye tundu la kupumua akasikia likilia. Aliigeuza ile relei karibu na macho yake kwa muda mrefu. Mama Kalekye alikuwa ameweka kichwa chake kizima ndani ya dirisha.

"Nani aling'oa hii?" Mama Ndunge akauliza.

Mimi nilikuwa na jibu, nikalingoja litoke kinywani mwa mwenyewe. Fundi aliweka relei mezani polepole, akasema, "Sasa itarekebishwa aje?"

Hapo hakukuwa na mtu wa kunifundisha. Nilijua kwamba nikichoma chini nitakuwa nimerudia ujinga ule ule, na juu siwezi kufikia kwa sababu kisanduku cha relei kimeufunika mguu. Kwenye duka la jirani walikuwa wakishona magunia ya ndengu, na nilikuwa nimewatazama miezi yote hiyo wakipitisha shazia, ile sindano nene ya magunia, huku na kuitokeza kule. Nikaing'oa relei mpya, taratibu safari hii, nikiyeyusha na kuondoa risasi yote kwanza. Nikakwangua rangi ya kijani juu ya ile njia pana, mbali kidogo na kisanduku, shaba ikaonekana. Nikachukua nyuzi kadhaa za waya, nikazisokota, nikachoma ncha moja hapo juu, nikazilaza, nikaziingiza kwenye tundu pamoja na mguu wa relei, zikatokea chini, nikachoma chini. Upande hadi upande. Nikaweka mita, ikalia. Lakini safari hii sikuridhika na tak. Nilifunga balbu ya gari mahali pa pampu. Ikawaka.

Mama Ndunge alisimama, akaifunga bodi yake ndani ya sweta, akanishika kichwa kwa mkono mmoja kama mtu anayepima tikiti. "Mwiitu uyu," akasema, msichana huyu, kisha akaondoka bila kumuaga Fundi. Wiki mbili baadaye dereva mmoja alileta habari kwamba maji yalifika hadi mstari wa mwisho. Na mavuno yalipokuja, lililetwa gunia la vitunguu lenye kipande cha katoni kilichoandikwa kwa makaa: FUNDI MSICHANA.

Fundi Kimanzi hakuniambia pole. Nilibaki na kigoda changu, na tangu siku hiyo kila bodi ya pande mbili aliyoimaliza alinisukumia mezani akisema "Angalia", nami nikaiangalia kwenye jua juu na chini. Wapo watakaosema hiyo ilikuwa ndiyo pole yake, na kwamba wanaume wa rika lake hawakuwa na nyingine. Nakataa. Alinishtaki kwa maneno, mbele ya mtu, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa mabati. Alikuwa na maneno. Mwaka uliofuata nilienda chuo, na sikurudi kibandani isipokuwa kusalimia.

Leo nafundisha vijana kuchora bodi kwenye kompyuta, pale pale Kitui. Tunachora za tabaka nne, mbili za nje na mbili zilizofichwa ndani, na yale matundu tunayaita via kama ulimwengu wote unavyoyaita. Nawaambia kwamba via inayotoboa kutoka juu hadi chini inapita tabaka zote lakini haiunganishi zote. Inagusa zile tu ambazo shaba yake imeletwa hadi ukingoni mwa tundu, na nyingine zinaachiwa nafasi ili ipite bila kuzigusa. Nawaambia kuna zinazoanzia juu zikaishia ndani, na kuna zilizofukiwa katikati ambazo hutaziona kamwe bodi ikishatengenezwa, na ukikosea hapo umekosea. Wiki ya kwanza ya kila mwaka nampa kila mwanafunzi bodi ambayo nimeng'oa shaba ya tundu moja kwa koleo, nikaichoma chini ikang'aa. Siwaambii ni lipi. Wanalaani, wanapekua, na atakayeniuliza kama matundu mengine ni ya kupumua namwambia ndiyo, halafu namtazama aone haya mwenyewe.

Basi, nirudi mazishini. Baada ya udongo, watu walipopanga foleni ya pilau, Mama Kalekye aliniita. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na leso nyeusi kichwani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mpwa alikuwa amesimama kando yake, bado amenikasirikia.

"Mwende, umecheka," akasema.

"Nimecheka, Mama."

"Ni ile ya Kibwezi."

"Ni ile ya Kibwezi."

Alitikisa kichwa polepole. "Huyo mzee alikuwa anaisema. Kila mwaka kitunguu ikianza kuingia soko, lazima aseme. Yule msichana alikuwa sawa, mimi ndio niliharibu. Ameambia watoto. Ameambia hata pasta. Mpaka mimi nikachoka na hiyo hadithi."

"Mimi hakuniambia."

"Najua. Nilimwambia aende akwambie. Akasema, ah, huyo anajua."

Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa Kitui mjini, namba yangu ya simu anayo, na pole yangu ilikuwa ikizunguka Mutomo kwa kila mtu isipokuwa mimi. Nililia pale, na naomba isidhaniwe kwamba yalikuwa machozi ya kumsamehe. Nilikuwa na hasira naye kuliko siku ile ya kigoda, na pale pale nilitamani mno awe hai, vyote viwili kwa pamoja. Kisha nikamwomba yule mpwa kalamu, nisahihishe kijitabu.

"Auntie, hizi zishachapishwa," akasema, akikificha kijitabu chake nyuma.

"Mpatie kalamu," Mama Kalekye akasema.

Nilifungua kijitabu changu kwenye ukurasa wa kazi. Nikakata maneno mawili, "hata moja", nikaandika juu yake: isipokuwa moja, ya Kibwezi. Mama Kalekye aliinama akasoma kwa kidole.

"Haijaisha," akasema. "Nani aliitengeneza? Andika jina yako. Andika vizuri isomeke."

Nikaandika. Alikichukua kile kijitabu, akampa mpwa wake, akamwelekeza kwa kidevu mahali pa maikrofoni. Kijana alimtazama shangazi yake, akanitazama mimi, akaenda. Watu waliacha kutafuna. Alisoma kwa ile sauti yake nzuri, kila neno, hadi kwenye jina langu, na spika zikalipeleka mpaka kwa mbuzi nyuma ya viti. Safari hii sikucheka.